Mama Zetu Wawili Sokoni Olhão

Mtaa wa Wasuka Nyavu,
Nazaré, Ureno.
14 Juni 1995

Mpendwa mdogo wangu Lucília,

Hujambo, mwana wa mama mdogo? Baridi ya Toronto imewaachia sasa? Shemeji Norberto na mgongo wake hawajambo? Na Inês je, ameshaota meno au bado anatafuna vidole? Sisi huku wazima wa afya. Bahari imetulia, watalii wameanza kumiminika, na mume wangu Adérito ameshaanza kulalamika kwamba wanaanika mataulo yao karibu na samaki wetu bila hata haya.

Nina habari kubwa, lakini nivumilie niianze mwanzo, maana ukiisikia juu juu hutaamini.

Unaikumbuka ile kamera yangu ambayo Mama huiita jicho la umbeya? Basi maktaba ya hapa imeniomba picha za wanawake wa pwani yetu, kuanzia hapa hadi kusini kabisa, zitundikwe ukutani wakati wa sikukuu ya Septemba. Nilifurahi hadi nikaunguza wali. Adérito hakuweza kuiacha mashua, kwa hiyo nikamwomba Mama anisindikize. Alikubali papo hapo, akafungasha kikapu cha vibua vya kukausha, eti huko kusini watu hawajui samaki.

Mdogo wangu, kusafiri na Mama ni sinema. Kule Peniche aliwafundisha wasuka lesi namna ya kusuka lesi, yeye ambaye hata kifungo kinamshinda. Ericeira alimwamuru muuza pweza apenge kamasi kabla hajapigwa picha. Watu walicheka kila tulipopita, na hapo ndipo nilipopata picha zangu nzuri kuliko zote.

Lakini tulipoipita Sines, kusini ikikaribia, akaacha kuwafundisha watu kazi zao. Alijua Olhão ndiko kwa mama yako. Mambo yenyewe unayajua: mama mdogo Ermelinda alipofiwa na baba yako alivua nguo nyeusi za ujane baada ya mwaka mmoja tu, akaolewa na baba Hermínio wa huko kusini, na Mama akamwita mwanamke asiye na haya pale mlangoni mwa kanisa, watu wote wakisikia. Tangu siku ile hawakupeana hata salamu. Mama mwenyewe, tangu Baba azame, nyeusi hajaivua.

"Piga picha zako upesi," akaniambia tuliposhuka kwenye basi. "Mimi nakaa hapa hapa kituoni na kikapu changu."

Sikubishana naye. Nikaenda sokoni peke yangu, na nilikuwa nimeinama mbele ya meza ya dagaa niliposikia nyuma yangu, "Graciete! Mwanangu, mbona umekonda hivyo?" Alikuwa mama yako, na blauzi ya njano, anatembelea mkongojo. Nyonga yake imeharibika, Lucília, atapasuliwa mwezi ujao. Alinikataza nisikwambie, lakini mimi ni mwana wa Leopoldina, mdomo haufungiki. Daktari hana wasiwasi, nawe usiwe nao.

Tulikuwa bado tumekumbatiana nikamwona Mama mlangoni. Alichoka kukaa kituoni au moyo ulimvuta, hatasema kamwe.

Akamtazama mdogo wake toka juu hadi chini. "Bado unavaa kama kasuku."

"Na wewe bado unavaa kama kunguru," mama yako akamjibu.

Wauza samaki wakashusha visu. Ndipo Mama akauona mkongojo.

"Huo wa nini?"

"Wa kuwachapia wanaonitukana kanisani."

Lucília, Mama alicheka! Alicheka mpaka kikapu kikamponyoka, vibua vikatapakaa sakafuni. Mara kicheko kikageuka kilio. Akamshika mama yako mabegani akasema, "Nilikukosea, Linda. Nilikukosea sana."

Mama yako akamfuta machozi kwa mkono wa ile blauzi ya njano. "Umechelewa, lakini umekuja. Haya, okota samaki wako, mimi siwezi kuinama."

Nilipiga picha upesi kabla hawajaachana. Imetoka na ukungu kidogo, lakini ndiyo nitakayoiweka katikati ya ukuta.

Nilirudi Nazaré peke yangu. Mama amebaki kumuuguza mdogo wake mpaka apone. Baba Hermínio ananiambia kwenye simu kwamba nyumba yake haijapata kuwa na kelele kama hizi, wala chakula kitamu namna hii. Tangu kahawa ya asubuhi wanagombania chumvi, mapazia, na nani alikuwa kipenzi cha Bibi.

Sasa nije kwako. Najua kwa nini hujaja nyumbani tangu uolewe. Ungefikia kwetu, mama yako angelia. Ungefikia kwake, Mama angenuna. Basi njoo Septemba, umlete Inês. Wote wawili watakuwepo hapa kwa maonyesho. Jana walinipigia wakinyang'anyana simu: Mama anasema mtoto atalala naye, mama yako anasema thubutu! Mimi nimeshapaka rangi chumba cha juu na kuweka kitanda kipana. Watajuana wenyewe.

Adérito anakusalimu, pia wanangu Valdemar na Celeste, na jirani yetu Hortênsia, anayeuliza kama huko mnapata mafuta ya zeituni ya maana. Mbusu Inês mashavu yote mawili. Bibi Yetu Bikira wa Nazaré awafunike kwa vazi lake na awalete salama.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Graciete