Wimbo wa Sadaka na Wenyewe

Jumatano, 8 Mei
Mwanangu Elda amesimama peke yake sasa hivi. Kashika mguu wa meza, kaniangalia kama naona, halafu kaketi pu. Nimembusu, nimerudi kunakili. Padri Silvester amenipa kijitabu cha kwaya cha Pentekoste — mimi niliyeishia darasa la sita. Nyimbo kumi na mbili, noti za namba, 1 ni do, 2 ni re, zote kwa mkono. Nikifanya vizuri, kitabu cha parokia nzima nitaandika mimi.
Wimbo wa sadaka ni kopi ya kopi, jina la mtunzi limekatika. Nimeandika NN, yaani hajulikani. Huku wote tunafanya hivyo.

Jumapili, 12 Mei
Kijitabu kimetolewa fotokopi sitini, zimegawiwa mazoezini. Mwalimu Goris, mstaafu wa kijiji cha juu, alikuja kusikiliza. Akapindua kurasa. "Nona, huyu NN anakaa wapi? Ametunga nyimbo nyingi kuliko mimi." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, mjinga. Kumbe wimbo wa sadaka ni wake, wa mwaka 1987.
Padri hakucheka. Mwenye wimbo yu hai na hakuulizwa, kasema. Akikataa, ukurasa unatoka, na Jumapili hatuuimbi.

Jumanne, 14 Mei
Nimepanda kwa Mwalimu, Elda mgongoni. Nikamwekea tambuu na popoo mezani, maana huku haombwi mtu mikono mitupu, iwe uchumba au ruhusa.
"Unaniposa, Nona? Nina miaka sabini na sita."
Nikasema kosa ni langu, naomba ruhusa, jina lake nitaliandika kopi zote. Akatia tambuu mdomoni, akatafuna. Kisha: "Noti ni zangu. Maneno ni ya Berta. Kamwombe yeye. Mimi namwonea haya miaka thelathini na saba sasa."
Mama Berta, jirani yangu, muuza mahindi! Kwenye kwaya tunakaa benchi moja. Kumbe hata karatasi ya kwanza, ya 1987, Mwalimu aliandika jina lake tu.

Alhamisi, 16 Mei
Mama Berta aliniacha niseme yote huku anapukuchua mahindi. "Kwa hiyo sasa ndiyo naombwa," akasema. Hakukubali, hakukataa. Akauliza kama Mwalimu ana miguu. Nikasema anatembelea fimbo.
"Basi fimbo na imlete."
Nimempelekea Mwalimu maneno hayo kama yalivyo. Sikuyalainisha.

Ijumaa, 17 Mei
Tangu asubuhi nafuta NN. Naandika "Noti: Goris", halafu "Maneno:" na naacha nafasi. Jina la Berta siliandiki kabla hajasema ndiyo. Hilo nalo ni kuchukua bila ruhusa. Nimefika kopi ya arobaini.
Mwalimu amekuja. Namwona kwa dirisha, uani kwa Berta, kavaa shati la kanisani. Hajakaribishwa kiti. Anaongea, kichwa chini. Berta kaacha mahindi. Sasa ananiita mimi: "Mama Elda, hebu njoo uwe shahidi, usikie huyu anavyosema," na mimi hata hii ya arobaini na moja sijaimaliza. Naenda, kalamu mkononi.