Swali la Saba

Korogwe, 9 Juni 1975

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, ila Grasiana ana kikohozi. Mgongo wako vipi? Mama hajambo?

Baba, mtihani wa hisabati wa kidato cha tatu umekuwa msiba. Mkuu wa shule anasema walioshindwa hawaingii kidato cha nne, warudi kwao wakalime. Mdogo wangu Grasiana yumo, kapungukiwa alama chache tu. Mimi mwalimu wao nimeagizwa nichambue karatasi, nieleze wamekosea wapi.

Swali la saba: watu sita wanakata mkonge wa shamba kwa siku nane, wakiwa kumi na wawili, watatumia siku ngapi? Watoto wa wakulima wameandika nne. Watoto wa kambi za mkonge, karibu wote, wameandika nane. Nilimwuliza Grasiana. Akanijibu, "Kaka, kwani watu wakiongezeka, ngwe yako inapungua?"

Nimeliandika hilo katika ripoti.

Mwanao,
Yordani

Sindeni, 20 Juni 1975

Mwanangu Yordani,

Marahaba. Mgongo una nafuu. Mvua tunaisikia kwa wenzetu.

Nilipofika kwenye neno ngwe katika barua yako nilicheka peke yangu, kisha kicheko kikaisha. Tangu nilipotoka Njombe kuja kukata mkonge nikiwa kijana, kila asubuhi nilipimiwa kipande changu cha kukata. Walikuja watu wa kila kabila, na changu hakikufupishwa hata hatua moja. Msichana amejibu alichokiona.

Kambi imefungwa, tumeletwa kijiji hiki, na muhogo umekauka. Akirudi, sina cha kumpa zaidi ya jembe. Mama yako anasema umwongezee alama. Mimi sikutumi hivyo. Ila sijamkataza kusema.

Baba yako,
Dominiko

Korogwe, 2 Julai 1975

Baba,

Shikamoo. Natumaini mko salama kuliko mimi.

Kamati ya shule ilikaa jana kuisoma ripoti. Mkuu alinicheka: "Mwalimu, na wasahihishaji wa taifa tuwapimie ngwe?" Mwenzangu Mhina aliwatetea watoto mpaka sauti ikamkauka. Mwisho wakakubali watoto wa kambi wapewe mtihani mwingine. Ndipo mjumbe mmoja akauliza, "Huyu Grasiana Dominiko si dada yako?" Wakasema ripoti itaonekana imeandikwa kwa ajili yake. Aondolewe yeye, wengine warudie mtihani. La sivyo, wote warudi kwao.

Nimesaini aondolewe. Alama sikumwongezea.

Mwanao,
Yordani

Sindeni, 15 Julai 1975

Yordani,

Huku wazima. Dada yako amefika juzi kwa lori, na sanduku lake. Hakulia. Alimwamkia mama yake, akabadili nguo, akaenda shambani.

Nimetafuta neno la kukulaumu, sikulipata. La kukusifu nalo sikulipata.

Jana nilimwambia, "Kaka yako hakuwa na njia." Akasema, "Najua, baba. Lakini likizo asije."

Basi usije. Na barua usiniandikie mimi; mwandikie yeye. Siku atakayonipa moja nisome, nitakujibu.

Ni mimi, baba yenu,
Dominiko