Upana wa Kidole

Ijumaa, 8 Novemba 2019

Mguu wangu wa kulia ukifa uzikwe peke yake, uwe na jiwe lake, na bendera ya Ohio ishushwe nusu mlingoti. Mwili uliobaki wautupe popote.

Leo mazoezini nimepiga mpira wetu wenye umbo la yai yadi sitini na tatu. Mpira umepita katikati ya nguzo na bado ulikuwa unapanda. Jamaa wa kuchora mistari ya uwanja wameacha kazi wakakodoa macho. Nikawaambia wanipige picha sasa, nikishakuwa sanamu watapanga foleni.

Siri yenyewe ni hii. Fonoti anainama na kuurusha mpira nyuma, katikati ya miguu yake. Dell Pruitt amepiga goti, anaudaka, anausimamisha chini kwa kidole kimoja. Mimi napiga. Yote hayo sekunde moja na robo. Sasa leo nilimwambia Dell asiusimamishe wima, aulaze upande wake kidogo — upana wa kidole. Ukaruka kama bata aliyesikia bunduki.

Kocha Brannigan kaona. Kasema kwenye timu yake mpira unasimama wima, hataki sarakasi, na upepo wa ziwani ukiukuta umelala utaukunja kama shati. Atakayeulaza tena akatafute kazi kwingine.

Dell akacheka. Ana miaka thelathini na saba, magoti yake yanalia kama mlango wa ghala.

— Umemsikia mwalimu mkuu, dogo. Kaa kitini.

Mzee huyu anajua shule sikuimaliza na hachoki kunichokoza.

Jumapili, 10 Novemba

Nimekosa. Tumefungwa kwa pointi moja.

Yadi arobaini na nne tu. Hizo huwa napiga nikitafuna sandwichi. Sekunde nne zimebaki, upepo unatoka ziwani. Mimi nikijiandaa hakuna anayenisemesha, ndiyo desturi, hata maji wananisogezea wakitazama pembeni kama wanamlisha simba. Nikatamani mpira huu usipite tu nguzo. Uende ukaokotwe orofa ya tatu, jukwaani.

Nilimwambia Dell neno kabla hajapiga goti. Akatikisa kichwa. Nikamwambia tena. Akapiga goti.

Ulianza vizuri. Halafu ukakunja kushoto, ukagonga nguzo. Nguzo ikalia kama sufuria iliyodondoka kanisani.

Wakati natoka uwanjani babu mmoja jukwaani akaniambia bibi yake angeupitisha huo, na ana nyonga ya chuma. Siku nyingine ningemjibu.

Jumatatu, 11 Novemba

Chumba cha video. Watu wanne: Kocha, Dell, Fonoti, mimi. Kocha amerudia kipande kile mara tisa. Mara ya kumi akakisimamisha. Mpira chini ya kidole cha Dell, umelala. Hata kipofu angeona.

Kocha hakupandisha sauti. Akauliza nani aliamua kuulaza.

Dell hakumjibu Kocha. Alinitazama mimi. Si kwa hasira — alinitazama kama mtu aliyekushikia mlango, anangoja upite. Nikatazama viatu vyangu. Kulikuwa na tope kwenye kamba. Sikujua tope linaweza kumshughulisha mtu muda mrefu hivyo.

Mwisho Dell akasema mkono uliteleza.

— Miaka kumi na nne haujateleza, Kocha akasema.

— Jana uliteleza.

Kwetu sisi watatu kuna sheria, hakuna aliyeiandika. Mshika mpira hamchongei mpigaji wake. Mpigaji anajisemea mwenyewe. Nusu ya sheria imefuatwa.

Jumanne, 12 Novemba

Wamemtema Dell.

Tulikuwa tunakula kifungua kinywa. Akaja yule bwana wa ofisini mwenye viatu visivyo na sauti, akasema Kocha anamwita, aje na tableti yake ya mipango ya timu. Kila mtu anajua maana yake. Meza nzima ikainamia mayai.

Nilimkuta kabatini kwake anatia vitu kwenye mfuko mweusi wa taka. Wote hutoka na mfuko huo, hata wakongwe. Nilikuwa nimepanga maneno. Nikamwuliza kama anataka nimbebee.

— Unaiba nusu hatua ukirudi nyuma, akaniambia. Hesabu vizuri. Tatu kamili, kisha mbili pembeni.

Basi. Anatemwa, na bado ananirekebisha hatua. Mshika mpira wa miaka thelathini na saba, amefukuzwa kwa mkono kuteleza, nani atamchukua? Hakuna. Yeye anajua hivyo, na mimi najua.

Kwenye maegesho nikakutana na Fonoti. Ana shingo kama gogo na huwa hasemi maneno kumi kwa wiki. Leo kasema manne:

— Nikiinama, masikio hayainami, Royce.

Jumatano, 20 Novemba

Mshika mpira mpya anaitwa Whitlow. Kijana mstaarabu, ana vidole vya mpiga piano. Swali lake la kwanza kwangu, na tabasamu juu:

— Kaka, unapenda usimame vipi?

Nikamjibu wima. Fonoti alikuwa ameinama, lakini nilimwona akitikisa kichwa kati ya miguu yake.

Jumapili, 24 Novemba

Nimepiga mara tatu, zote tatu zimepita. Tumeshinda. Wamenibeba juu, gazeti limeniita Mguu wa Ohio, jina nililojipa mwenyewe miaka miwili iliyopita na hakuna aliyelitaka. Desturi yetu nikipitisha: Fonoti ananigonga kofia, mshika mpira ananigonga kofia. Leo kofia imegongwa mara moja.

Kocha kanipigapiga begani. Kasema unaona tofauti unaposhikiwa na mtu makini. Nikasema ndiyo, Kocha.

Ndiyo, Kocha. Nimeyasema hayo kwa mdomo huuhuu ninaolia chakula.

Alhamisi, 28 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Kila mwaka tunakula bata mzinga kwa Dell. Nilidhani mwaka huu hawataniita. Jumanne Lorna, mke wake, akapiga simu: pai ya maboga ni zamu yangu, na nisithubutu kuleta ile ya dukani.

Nimeleta ya dukani.

Niko garini mbele ya nyumba yao, dakika ishirini sasa, pai ipo mapajani, naandika, daftari juu ya boksi lake. Gari la Fonoti lipo. Naiona meza dirishani. Kabla ya kula hapo kila mtu husema anachoshukuru. Mwaka jana nilishukuru mguu wangu, wakanirushia mkate.

Dell kanitumia ujumbe: *Ingia dogo, viazi vinapoa. Lorna anaamini ni mkono wangu. Mwache hivyo.*

Mwache hivyo. Jumanne ileile Lorna alinieleza kwenye simu kwamba Dell anakaa jikoni na mpira, anausimamisha kwenye sakafu kwa kidole, anausimamisha tena, na yeye anaogopa huenda mkono una ugonjwa. Kamwekea miadi kwa daktari wa mishipa Jumatatu. Aliniuliza mimi: uliuona ukitetemeka? Wewe ndiye uliyekuwa karibu.

Nikamwambia sikuangalia vizuri.

Lorna ametoka barazani. Ananipungia na kitambaa cha sahani. Anasema kitu, kioo kimefungwa, lakini naona mdomo: unangoja mwaliko wa maandishi?

Hata daftari hili nimelificha jambo. Niliandika kwamba tarehe kumi nilimwambia Dell neno. Lilikuwa hili: *Ulaze. Nikikosa ni juu yangu.* Akakataa. Nikamwambia tena. Mkono wake ni mzima. Uliulaza kwa sababu niliuomba, na kukosa si kitu, watu wanakosa kila Jumapili. Kosa ni lile la chumba cha video, aliponitazama nami nikahesabu tope.

Anakuja kwenye gari. Nafungua kioo.