Shaba ya Zuhura na Jina la Kitovu

Kwa Zacharia, karibu na bandari,
S.L.P. 40,
Nchelenge, Zambia.
Jumapili, 19 Mei 1974

Mpendwa yaya wangu Nkulu,

Kabla ya jambo lolote nakusalimu, kaka yangu mkubwa wa tumbo moja. Hujambo? Kifua kimepona? Shemeji Clémentine hajambo? Na watoto, Sébastien na Angèle, ambao sijui siku hizi mnawaitaje huko Lubumbashi tangu Leta, hiyo serikali yenu, ikataze majina ya ubatizo? Mimi huku Zambia nimebaki na Clotilde wangu, hakuna askari aliyekuja kuniuliza. Kwenye bahasha nimeandika Nkulu kama karatasi zako zinavyosema, maana barua ya Krismasi niliyoandika Florent ilirudi na mhuri mwekundu.

Sisi ni wazima. Baridi imeanza, asubuhi ziwa linatoa moshi, na mume wangu Zacharia analalamika mgongo kama mzee wa miaka mia. Samaki wa mpale wanapatikana vizuri mwezi huu. Nimekausha vikapu sita na macho yangu bado mekundu kwa moshi.

Katongo mshona nyavu bado anataniwa. Humjui, alihamia jirani na kwetu baada ya wewe kuondoka. Ndiye mama aliyekuwa akimwita siku zake tatu za mwisho. "Katongo, Katongo," asubuhi na jioni, mpaka nikamkimbilia bandarini. Akaoga, akavaa shati la misa, akaja kukaa kwenye kiti kando ya kitanda. Mama akamtazama, akageukia ukuta, akaita tena Katongo. Yule mtu akarudi kila siku, siku zote tatu, na samaki mkononi. Tangu matanga wanawake wa sokoni wanamwita mchumba wa marehemu. Anacheka, lakini naona hapendi.

Sasa, yaya, niingie kwenye lililonifanya nitafute karatasi.

Mwaka jana habari za msiba zilikufikia mama akiwa amekwisha zikwa. Uliniandikia barua ya mistari minne, na ndani yake swali moja tu: mama aliniuliza? Mimi nilikuwa na hasira. Nilikuwa nimemwogesha mama peke yangu, nimempikia uji peke yangu, nimelia peke yangu. Nikakujibu kwamba sikumsikia kutaja Florent wala Nkulu, hata mara moja. Niliandika hivyo na nikafunga bahasha haraka nisije nikabadili mawazo.

Tangu jibu hilo la Agosti umenyamaza. Wafanyabiashara wa samaki wanaotoka huko wananiambia umekonda, ukitoka kazini unakaa peke yako, na mtu akitaja Nchelenge unaondoka. Nimekuandikia mara tatu. Hata ungenitukana ningefurahi.

Ndipo Delphine, mwenzangu wa sokoni, akaniambia niende kwa Mzee Kapembwa, nyuma ya soko la Kashikishi. Babu yake alikuja zamani na wangwana wa pwani, wale waliokaa kisiwa cha Kilwa hapa ziwani. Wenzake walipoondoka yeye akabaki na mke wa hapa na kitabu chake cha nyota. Mzee Kapembwa anatengeneza talasimu, yaani vibamba vidogo vya madini vyenye michoro, kila kimoja kwa nyota yake. Delphine anasema vimewarudisha watu waliopotea kwa miaka.

Usinicheke. Mimi naimba kwaya, unanijua. Padri nimemwambia nusu. Lakini mtu akikosa ndugu yake anabisha kila mlango.

Nilidhani nitakuta manyoya na pembe na mtu wa kunitisha. Nikakuta mzee wa shati lililopigwa pasi, anaziba tundu la sufuria ya jirani. Hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku. Akanipa maji, akaniuliza habari za nyumbani mpaka nikasahau nilikuja kwa nini. Kisha akafungua kitabu. Kimefungwa kwa kaniki, maandishi ni ya Kiarabu, na mchwa wamekula pembe zote. Kurasa zilizoharibika amezinakili mwenyewe kwenye daftari la shule, mstari kwa mstari, duara kwa duara, kwa mkono mzuri kuliko wa karani yeyote wa boma. Yaya, nimeona watu wengi wanaojisifu kwa elimu. Huyu hajisifu, na nilitamani kukaa pale siku nzima nimsikilize.

Alinieleza kwamba kila nyota ina siku yake, saa zake na madini yake. Mwezi unataka fedha, Mirihi anataka chuma, Zohali anataka risasi, Zuhura anataka shaba. Mchana kuanzia jua kutoka mpaka kuzama anaugawa sehemu kumi na mbili, kwa kijiti alichosimika uani na kivuli chake, na kila sehemu ina nyota inayoitawala. Ukigonga bamba nje ya saa yake umetengeneza kifuniko cha chupa tu, ndivyo alivyosema. Sisi wa ziwani Zuhura tunaijua kwa kazi: ikichomoza alfajiri wavuvi wanavuta nyavu. Yeye anaizungumza kama mtu wa ukoo wake, inapenda nini, inachukia nini, mwaka gani ilichelewa.

Na hatengenezi la kudhuru. Nikiwa pale alikuja mfanyabiashara mmoja na kipande cha chuma, anataka bamba la Mirihi ili mtumbwi wa mwenzake uzame. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Hii chuma yako ni ya muzuri. Peleka kwa mufundi, akufanyie jembe." Yule akaondoka amevimba. Mimi nikazidi kumpenda mzee.

Basi, kujua nyota ya mtu anataka jina lake na jina la mama yake. Kila herufi ina hesabu yake. Anazihesabu kwa punje za mahindi kwenye ungo, halafu anaziondoa saba saba, na zinazobaki ndizo zinazoonyesha nyota. Nikampa Nkulu, mwana wa Mwewa. Punje zikaangukia kwa Zohali. Mzee akakuna kidevu. Zohali ni nyota ya uzito na kuchelewa, akasema, lakini hata yeye anasikia akiombwa kwa adabu. Nirudi Jumamosi na risasi.

Jumamosi nikarudi kabla ya jua na vipande vya risasi vilivyokatika kwenye nyavu za Zacharia. Moto ulikuwa tayari, udongo wa kumiminia tayari. Kivuli cha kijiti kikaonekana, na saa ya kwanza ya Jumamosi ni ya Zohali mwenyewe. Mzee akashika koleo. Halafu akasimama vile vile, akanigeukia.

"Mama Clotilde, hii jina Nkulu, ni mama yake alimupatia?"

"Hapana, mzee. Ni jina la babu yetu upande wa baba. Alilichukua juzi tu, Leta ya kule ilipokataza yale ya kizungu."

Akaweka koleo chini.

"Leta haikumuzala. Mama yake alikuwa anamuita nani?"

"Florent."

"Ile ni ya Padri. Mbele ya Padri, alikuwa anamuita nani?"

Yaya, nilijua Florent tu. Wewe umenitangulia miaka kumi na miwili. Nilipopata akili ulikuwa tayari Florent, umevaa kaptula ya misheni, na mama alikuita Florent kama sisi wote. Sikuwahi kufikiri kwamba kulikuwa na mbele ya Florent, jina la kabla ya ubatizo. Mzee akaacha moto ufe. Akasema hawezi kupeleka salamu kwa mtu kwa jina ambalo mama yake hakulitumia, ingekuwa kupiga hodi nyumba ya mwingine. Wala hakukasirika kwa kazi iliyopotea. Aliniomba radhi yeye, eti angeuliza mapema.

Mtu pekee aliyebaki wa kuulizwa ni mama mukubwa Mwaba, dada ya mama, kule Puta. Jumanne nikapanda lori la samaki, nimekaa juu ya magunia ya chisense, nikafika nikinuka kama gunia lenyewe. Nikamkuta anapepeta mihogo. Haoni vizuri siku hizi, lakini sauti yangu aliijua. Nikamuuliza jina lako la kwanza.

"Jina ya kitovu?" akasema. "We, mwana wane, haukujua? Kitovu ilianguka siku ya tano, tukamupatia jina ya nkambo, babu yetu, mwenye alikufa kwa maji. Katongo. Mama yako alikuwa anamuita ile jina mu nyumba tu, mpaka Padri alikuja kumubatiza. Kisha Padri akakataza, akasema ni jina ya mizimu. Mama yako akaogopa, akaacha."

Nilikaa chini pale pale, kwenye maganda ya mihogo.

Yaya, unaelewa? Siku tatu. Mama aliita siku tatu, na mimi binti yake, niliyejiona peke yangu ndiye niliyemjua, nikaenda kumletea mshona nyavu. Alikuwa anakuita wewe. Hakuita Florent, hakuita Nkulu ambaye hakumjua kabisa. Alimwita mtoto wake wa kwanza kwa jina alilokatazwa, na alipokuwa anakufa hakumwogopa tena Padri. Na mimi nikakuandikia kwamba hakukutaja.

Nililia mpaka mama mukubwa akaanza kuniimbia kama mtoto. Nilimlilia mama, aliyegeukia ukuta. Nililia kwa ajili yako, miezi hii yote unabeba uongo wangu. Haukuwa uongo wa kukusudia, lakini niliuandika kwa furaha mbaya, na hilo nalijua mimi na Mungu. Nisamehe, kaka yangu. Nasema wazi, nisamehe.

Nilirudi kwa Mzee Kapembwa na jina. Akahesabu upya: Katongo, mwana wa Mwewa. Punje zikaangukia kwa Zuhura. Ungeona alivyotabasamu. Zuhura, akasema, ni ya wapendanao walioachana, ndugu, mama na mtoto, si wachumba tu kama vijana wanavyofikiri. Akaniuliza kama nina shaba. Nikamletea ile bangili uliyomtumia mama kutoka Likasi, mshahara wako wa kwanza. Hakuivua kamwe, mpaka mimi nilipomvua siku ya kumwogesha.

Juzi Ijumaa tulikuwa uani kabla ya mapambazuko, na Zuhura yenyewe juu ya ziwa, kubwa, safi. Jua lilipotokeza mzee akaanza kugonga. Saa nzima aligonga bila kupumzika. Mikono yake inatetemeka akishika kikombe, lakini akishika nyundo haitetemeki hata kidogo. Bamba likawa jembamba kama jani, halafu akachora kwa msumari mraba wa vyumba saba kwa saba, kila chumba na hesabu yake. Alinionyesha: ukizijumlisha kwenda chini, kwenda pembeni, au kona kwa kona, jumla ni ile ile. Nilijaribu mwenyewe kwa vidole na punje, mara mbili, ni kweli. Nyuma akaandika jina lako na la mama, yakiwa karibu karibu. Alipomaliza alilipuliza vumbi, akaniwekea mkononi, bado lina moto.

Zawadi hakutaka, ila chumvi ya jikoni. Nimempelekea na mpale wawili, akapokea kwa kunilaumu.

Kama shaba ina nguvu ya kumvuta mtu kutoka Lubumbashi, sijui. Nasema nilichokiona: watu wote wenye mihuri, wa Leta na wa kanisa, walikupa majina, na hakuna aliyewahi kuuliza mama yako alikuita nani. Huyu mziba sufuria ndiye aliyeuliza.

Bamba liko ndani ya kitambaa, Delphine anakuletea mkononi mwako. Anavuka kwenda Pweto keshokutwa. Vaa usivae, ni juu yako. Lakini ni shaba yako imekurudia, na kwa miaka kumi na tisa ilikaa kwenye mkono wa mama.

Mwezi wa saba tunaweka msalaba wa saruji kaburini, mwaka ukitimia. Fundi ameniuliza majina ya watoto yaandikweje. La kwanza nimemwambia aache wazi mpaka uje uliseme mwenyewe.

Msalimie sana shemeji Clémentine, na Sébastien na Angèle, kwa majina yoyote wanayoitikia. Zacharia anakusalimu, na mgongo wake. Mama mukubwa Mwaba anakuombea. Anasema Mungu akufunike njiani, barabarani na majini, akufikishe ungali na nguvu za kula ubwali wake. Mzee Kapembwa anakusalimu pia, ingawa anakujua kwa punje tu.

Na Katongo mshona nyavu anakusalimu. Nilimweleza yote jana. Alienda nyumbani kwake akarudi na kile kiti cha kando ya kitanda cha mama, maana baada ya matanga nilimpa akichukue. Akakiweka mlangoni kwetu. "Muambie yaya wako," akasema, "kiti ni yake. Mie nilikuwa namuchungia tu."

Kiko hapa, nimekipangusa.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye pamoja na hasira zangu zote,

Clotilde