Kibano cha Kifuani na Baba Mkwe

Mbeya, Jumamosi, Juni 1976

Baridi ya leo haina adabu. Ukungu haujanyanyuka tangu asubuhi, mlima hauonekani, nguo za mtoto zinakataa kukauka, na mimi nimejibanza karibu na jiko la mkaa nikiandika, kwa sababu sina wa kumwambia haya akanielewa mpaka mwisho.

Keshokutwa nashuka shimoni. Sina kitu cha kunipandisha.

Ngoja nieleze vizuri, maana nikija kuyasoma haya uzeeni nitadhani nilirukwa na akili. Kazi yangu ni kushuka kwa kamba kwenye mapango ya chokaa kule Songwe, kupima na kuleta vipande vya mawe. Wanaume wapo ofisini, tena wenye misuli, lakini mdomo wa lile shimo ni mwembamba na mwembamba ni mimi. Kupanda natumia vibano viwili vya chuma, vinavyopanda kwenye kamba na kukataa kushuka. Cha mkononi kimeungwa na kitanzi cha miguu. Cha pili kinakaa kifuani, kimebana kabisa mwilini. Nikisimama kwenye kitanzi, cha kifuani kinapanda pamoja nami. Nikikaa, meno yake yanauma kamba na mimi naning'inia, napumzika, naanza tena. Hivyo hivyo mpaka juani.

Sasa changu cha kifuani hakiumi. Meno yamelika.

Safari iliyopita nilikaa, kikateleza. Kamba ilikuwa imejaa tope la mavi ya popo. Kikashika, nikashukuru Mungu, kikateleza tena. Juu nikamsikia Bwana Sanga, mkuu wa kikosi chetu, akiita, "Vipi huko, Mama Tumaini?" Nikajibu salama. Salama gani! Nilikuwa nalia machozi kama mtoto.

Kipya kinatoka Ulaya, na fedha za kigeni hakuna. Bwana Sanga amezunguka kila mlango, akarudi ameinua mikono. "Tafuta mbadala, mama. Gari tumepewa Jumatatu tu. Tusipomaliza, kazi ya mapango inafungwa na wewe unarudi kwenye taipu." Hakusema kwa ubaya. Na mimi badala ya kusema sishuki, nikasema sawa. Kazi hii naipenda kuliko ninavyothubutu kukiri mbele ya watu. Kule chini hakuna anayeniita mke wa fulani.

Basi nikaanza kutafuta. Nilikwenda mpaka Iringa, kwetu, kwa padri mmoja mgeni ambaye siku za mapumziko hupanda miamba. Akanipa kibano chake bila hata kuuliza mara mbili. Kumbe ni cha mkono, kina mpini. Nikikifunga kifuani kinalala upande na kamba inaingia mshazari. Halafu karibu na tundu la kufungia kina ufa. Mwembamba, lakini ni ufa. Nilikigeuzageuza ndani ya basi njia nzima, nikitamani ule ufa uwe mkwaruzo tu. Si mkwaruzo.

Kuna pia fundo la kamba nyembamba, lile la dharura, linalozungushwa kwenye kamba kubwa likaishika. Kwenye kamba safi linafaa. Kwenye lile tope ama linateleza ama linaganda, na kamba nyembamba yenyewe iliyobaki imeanza kutoa nyuzi.

Ndipo Ambakisye, mume wangu, akasema, "Kwa nini tusimwombe baba?"

Baba yake ni mhunzi hapa Ilomba. Kwa springi ya lori anatoa jembe, patasi, bawaba, chochote. Wazo zuri. Shida ni moja, na ni kubwa kama hiyo milima: mimi ni mkwe wake. Kwetu Uheheni mkwe anapiga goti, anasalimia, yamekwisha. Kwa hawa Wanyakyusa wa upande wa mume wangu, wale wa kizamani, mke wa mtoto haonani na baba mkwe kabisa. Hamtaji jina. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja anaingia shambani. Tangu niolewe nimeuona mgongo wake tu, tena kwa mbali, ukikimbia. Mzee wa watu ana mgongo wa heshima sana.

Kwa hiyo Ambakisye akaenda yeye, na kile kibano changu kibovu kama mfano. Alhamisi akarudi na kipya.

Jamani, ile kazi! Meno makali, yamepangwa kama ya mamba. Springi yake inarudi bila kusita. Nilikijaribu kwenye kamba niliyoipaka tope makusudi, kikauma, kikakataa kuachia hata nilipokivuta kwa miguu yote miwili. Nilicheka peke yangu pale uani.

Halafu nikakivaa.

Kwa chini ameongeza kiungo kirefu cha chuma, karibu urefu wa mkono wangu kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Kibano hakikai kifuani. Kinasimama mbele ya uso wangu, kinanitazama. Nikisimama kwenye kitanzi kinagota kwenye cha mkono kabla hata sijanyoosha magoti, nikikaa napoteza karibu chote nilichopanda. Kwa mwendo ule, katikati ya shimo nguvu zitaniishia nami nitabaki kuning'inia tu.

Nikamuuliza Ambakisye, hiki kirefu cha nini, wakati mfano ulikuwa mfupi? Akatazama pembeni.

"Baba aliuliza kinakaa wapi mwilini. Nikamwambia kifuani."

"Sasa?"

"Sasa unategemea afue kitu cha kulala kwenye kifua cha mkwe wake? Amekisogeza mbali. Ni heshima, Mama Tumaini."

Heshima! Nilitaka kurusha sufuria. Lakini utamkasirikiaje mtu aliyekaa motoni kwa ajili yako, akawaza mpaka mwili wako akautunzia staha? Sikuweza. Nikabaki nimekishika tu.

Nilimwambia Ambakisye arudi akaombe kifupishwe. Akakataa katakata, akasema hilo neno kifua amelisema mara moja mbele ya baba yake na hatalirudia mpaka afe. Nikaenda kwa mama mkwe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akajifuta macho kwa kicheko, kisha kicheko kikamwisha. "Mwanangu, nianzie wapi? Nitamwambiaje mume wangu habari za kifua cha mkwe wake?" Kumpelekea fundi mwingine akikate, haiwezekani. Wahunzi wa Ilomba wanajuana, na kabla jua halijazama mzee angesikia kwamba mkwe ameikata kazi yake.

Leo asubuhi nikaamua kwenda mwenyewe. Nilisimama nje ya karakana, nyuma ya ukuta wa mabanzi, nikakohoa kama inavyotakiwa. Nilitaka niseme nikiwa huko huko nje, bila kumwona, bila yeye kuniona. Nyundo ikanyamaza. Nikafungua mdomo. Nikasikia mlango wa nyuma, na viatu vyake vikienda zake haraka kwenye majani.

Alikuwa ananiheshimu. Moto bado ulikuwa unawaka.

Nikaingia. Hapo ndipo nilipojiona mwerevu. Kulikuwa na gunia la mkaa limesimama pembeni, limejaa vizuri, lina kimo cha kiwiliwili. Nikalivalisha mikanda yangu yote, ya kiunoni na ya mabegani. Pale kifuani nikafunga kile kibano kibovu, mahali pake hasa, na kile kirefu nikakilaza chini mbele yake. Atakuja, ataona, ataelewa, na hakuna atakayelazimika kusema neno. Nilirudi nyumbani naimba. Ole wangu.

Mchana Ambakisye amerudi na uso nisioujua.

"Umefanya nini kule?"

"Nimemwonyesha kinapokaa."

Akaketi, akashika kichwa. Baba alirudi, akafika mlangoni, akaliona gunia limevaa mikanda ya mkwe wake. Akageuka pale pale, akafunika macho. Akamtuma mama akalifunike na kitenge. Mama kalifunika, kuanzia juu mpaka chini, vizuri, kama anavyofunikwa mtu. Kulivua ameogopa. Na mzee amesema haingii karakanani kwake mpaka mkwe atoke mle ndani. Kazi za watu zimelala.

"Umemkalisha mkwe kwenye moto wa baba," Ambakisye alisema, na mdomo ukaanza kumcheza. Tukacheka. Tulicheka mpaka mtoto akaamka. Halafu mimi kicheko kikanigeukia, nikalia, na yeye akakaa ananipapasa mgongo. Akauliza kama nashuka kweli Jumatatu. Nikasema nashuka. Hakunizuia. Nadhani nilitaka anizuie.

Kesho baada ya ibada nitakwenda kulivua gunia, nimwachie mzee karakana yake. Kibano hatakigusa tena, nimeshaelewa. Nitarudi nyumbani na kilicholika, na chenye ufa, na kirefu cha heshima, nitavipanga mezani, na kimojawapo nitakivaa.

Watu wote hawa wananipenda. Sioni hata mmoja mwenye kosa. Nimetafuta wa kumlaumu siku nzima nimemkosa, na pengine hilo ndilo linalonimaliza.

Kushuka hakunipi taabu. Kushuka hakuhitaji kibano chochote, kamba yenyewe inakupeleka, na Jumatatu itanipeleka vizuri tu mpaka chini. Nitapima, nitachukua mawe, nitayafunga mfukoni. Halafu Bwana Sanga ataniita kutoka juu, aniulize kama niko tayari kupanda.

Nitamjibu nini?