Kuonja Kulikuwa Cheo

Mama yangu,

Jana meneja alitugawia karatasi ya kukariri. Unajua nahudumia meza katika mkahawa wa Kihispania hapa Oud Metha, huku kwa Waarabu. Sasa anataka tuwasimulie wageni jinsi makabaila wa kale wa Kihispania walivyolishwa. Kulikuwa na mpishi mkuu, mtunza ghala, mwoka mikate, mwangalizi wa vyombo vya fedha, hadi wa kusugua masufuria. Kila mtu na kazi yake, kila kazi na jina lake. Wewe, miaka tisa ukiwa mtumishi wa nyumbani kwa madam wako Al Muraqqabat, ulikuwa wote hao, na jina lako lilikuwa "yalla", yaani "haraka".

Kilichonichoma zaidi ni mstari wa mwisho. Msimamizi wa meza ndiye aliyeonja chakula cha bwana, wageni wakitazama. Kuonja kulikuwa cheo.

Unakumbuka ile Ijumaa, siku yetu ya ibada huku, nilipokuja kukuchukua twende kanisani? Nilikusubiri jikoni kwa madam, kando ya friji. Ulidondosha mchuzi kiganjani, ukaulamba, ukafumba macho kama kawaida yako. Madam akaingia.

"Unakula kabla ya wageni wangu?"

"Naonja chumvi tu, madam."

"Khalas, basi! Usionje tena."

Tangu siku hiyo akakuvalisha barakoa, upike umefunikwa mdomo. Nami nilisimama pale na digrii yangu, nikitazama viatu. Njiani ukanitania, "Wewe uliyesoma, mbona ulimi wako ndio umefungwa?" Nikacheka. Kicheko kile sijajisamehe hadi leo.

Sasa uko Kitale, huna madam, na Baba ananiambia kwenye simu kwamba mboga zako siku moja ni chumvi tupu, siku nyingine hazina ladha. Anasema ni uzee. Nikamuuliza kama unaonja. "Haonji," akasema. "Anatia tu, anafunika."

Si uzee, mama. Nyumba ile ilikurudisha kwetu ungali umeivaa barakoa yake.

Leo mchana wageni waliponiuliza kuhusu mwonjaji, niliwaambia mama yangu alikuwa na kazi hiyo, akazibwa mdomo na watu wasiojua kula. Meneja akanikodolea macho. Akodoe.

Kesho ukipika, funua sufuria. Dondosha mchuzi kiganjani, ulambe wewe kwanza, kabla ya Baba, kabla ya mgeni yeyote. Halafu nipigie, uniambie chumvi imekolea au la.

Binti yako,
niliyenyamaza kando ya friji