Samaki Wasiokimbia

Nyumba ya bati jekundu,
Nyuma ya karakana ya boti.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa dada,

Shikamoo. U hali gani, na umeizoea baridi ya huko? Goti limepoa, au bado unalilalamikia kila ukipanda ngazi? Sisi tu wazima. Mama anakula vizuri na kugomba vizuri, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye.

Wifi yako amepata kazi ya kushona sare za shule. Sebule imejaa vitambaa, hata pa kukaa sina.

Sasa yangu. Unaikumbuka ile ghuba ndogo tuliyokatazwa kuvua? Muda wa kuifunga umekwisha, na wavuvi tukaitwa kuamua kama ifunguliwe. Mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote: ifunguliwe! Huku nje samaki wakiniona tu na bunduki yangu ya mkuki, wanatokomea. Narudi mikono mitupu, na wifi yako anaigeuza sufuria kifudifudi. Ile sufuria inaniumiza kuliko matusi.

Kabla ya mkutano, afisa uvuvi, yule tunayemwita Kipimo, akaniomba nimsaidie. Kazi yenyewe kichekesho. Unamwogelea samaki polepole. Akikurupuka, unadondosha kipande cha risasi, ile metali nzito ya kuzamishia nyavu, pale ulipo, kingine pale alipokuwa yeye, halafu mnapima umbali wa katikati kwa utepe, kujua anakukimbia ukiwa mbali kiasi gani. Basi! Nikamwuliza, "Hiki ndicho ulichosomea miaka yote?" Akacheka, akanimwagia maji.

Nje ya maboya yanayoonyesha mpaka wa ghuba, changu walikimbia kabla sijayaona macho yao. Ndani ya ghuba, dada, walinisogelea. Nikaibuka nikishangilia kwamba wamejaa tele. Kipimo akasema, "Kaka, hebu wahesabu. Si wengi hivyo, ila hawakukimbii tu." Nikabisha, unanijua. Akaniambia nirudi na bunduki isiyo na mkuki, nijifanye navua.

Nikarudi. Chewa mmoja mkubwa, tumbo limejaa mayai, akaja mpaka kwenye ncha ya bunduki akaikodolea macho. Nikamlenga, akabaki palepale. Nikamgeukia mwingine, naye vilevile. Huruma ilinishika, dada, na aibu pia. Sisi wazamiaji tungeimaliza ghuba ile kabla ya wiki kwisha, tena tukirudi nyumbani tukijisifu kwa ustadi.

Mkutanoni watu walingoja kelele zangu. Nikasimama nikasema ghuba ifunguliwe kwa mishipi peke yake, bunduki zote zibaki nje ya maboya, yangu ikiwa ya kwanza. Wenzangu wakanizomea. Mmoja aliniita msaliti, na mpaka leo haitikii salamu yangu. Jirani yetu anayevua kwa mshipi alinikumbatia mpaka kofia yake ikaanguka. Mwishowe pendekezo langu likapita, na Kipimo atapima tena kila msimu. Samaki wakianza kukimbia mbali, ghuba itapumzishwa.

Niliogopa, sikufichi. Nilijiona nimeikata riziki yangu kwa mdomo wangu mwenyewe, na wifi yako hakunifariji. Alichosema ni, "Umesema kweli, basi, tutaona."

Juzi, nje kabisa ya maboya, changu watatu walitokea upande wa ghuba, wakasimama kunitazama. Sikuamini. Nilimpiga mmoja. Wale wawili walisogea kidogo tu, wakaendelea kunitazama, karibu kabisa, na mkuki ningeweza kuurudisha kwenye bunduki mara moja. Niliwaacha. Bado hawajatujua sisi ni nani, dada, na sitaki wajue upesi.

Yule mmoja alitutosha. Wifi yako alimkaanga huku akiimba, jambo ambalo sijalisikia siku nyingi.

Mama anakusalimu, na anauliza utakuja lini. Msalimie shemeji, na wapwa zangu waambie mjomba anawakumbuka. Mungu akutunze huko uliko na akurudishe kwetu salama.

Mdogo wako akupendaye daima,
Mzamiaji